Tulipeleka Cherehani Busia, Tukarudi Nairobi kwa Njia ya Mwanza

Ijumaa: Nairobi – Busia

Shangazi yetu anayeishi Busia alitaka cherehani. Tulimpatia moja ya mkono wa pili soko la Gikomba, Nairobi, nzito, ya kukanyaga kwa mguu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuikabidhi kwa basi la usiku. Shemeji alikuwa na likizo na gari lake, Fielder, lilikuwa limetoka gereji juzi. Basi yeye, dada yangu na mimi tukatoka Kangemi kabla ya alfajiri, cherehani nyuma, nguo za siku mbili kwenye begi.

Mai Mahiu tulipita kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka Waitaliano mwaka 1942 walipokuwa wakichonga barabara ya mteremko. Nakuru chai na mandazi. Kericho mvua. Ahero jua kali na mchele wa kupimiwa kando ya barabara. Adhuhuri tulikuwa Dunga, Kisumu, tukila samaki tukilitazama Ziwa Victoria.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Shemeji alisema ziwa ni letu, wengine wamepewa tu kipande. Dada akatoa simu, akasoma kwa sauti ili meza ya jirani pia isikie: kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanzania asilimia 49, Uganda 45, Kenya 6. Shemeji akaomba asome tena. Akasoma tena.

Busia tulifika jioni, tukampa shangazi mali yake, akapika kuku. Baada ya kula shemeji akatoka "kunyoosha miguu", na tulipomfuata tulimkuta kasimama karibu na mpaka akitazama malori.

"Kutoka hapa Kampala ni kama kilomita 200 tu," alisema. "Nairobi ni mbali kuliko Kampala."

Dada akamwambia hatuna karatasi. Shemeji akakohoa kidogo, akaenda kwenye gari, akarudi na bahasha: logibuku ya gari, paspoti zetu zote tatu, na kadi za chanjo tulizochanjiwa mwaka uliopita tulipokwenda Zanzibar. Sijui aliichukua lini kwenye kabati, na hadi leo anasema ilijikuta tu ndani ya gari.

Jumamosi: Busia – Kampala

Msafiri wa gari ukanda huu anahitaji kadi mbili za njano, na zote mbili tuliulizwa kwa maneno yale yale. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Ya pili ni bima ya gari ya COMESA, inayokatwa pale pale mpakani na mawakala wenye vibanda vidogo na sauti kubwa. Tulipoulizwa "kadi ya njano" dada alikuwa akitoa zote mbili, afisa achague mwenyewe.

Mpaka wa Busia ni wa kituo kimoja: unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Tulitumia muda mwingi zaidi kwa wabadilisha pesa. Shilingi moja yetu ilikuwa kama 27 za Uganda, na shemeji alifurahia sana kuwa na mamilioni mfukoni, hadi tulipojaza petroli.

Jinja tunaikumbuka kwa daraja. Ni lile jipya linaloshikiliwa na nyaya, mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018. Kabla yake magari yote yalipita juu ya bwawa la umeme la Owen Falls, la mwaka 1954. Tulishuka mpaka pale Naili inapoanza. Mito mingi inaingia ziwani, unaotoka ni huu mmoja tu, kuelekea Misri. Kuna sanamu ya Gandhi hapo kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni, na kuna kumbukumbu ya Speke aliyefika mwaka 1862 akatangaza kwamba amekiona chanzo. Nahodha wa mashua alitueleza hayo yote kwa uso mkavu, kisha akaongeza kwamba babu zake walikuwa wakivua hapo hapo siku ile Speke anafika, na hakuna aliyewaandika.

Baada ya msitu wa Mabira, Namawojjolo. Ukipunguza mwendo tu, wachuuzi wenye makoti wanalizingira gari, mishikaki ya kuku inapenya madirishani, ndizi za gonja za kuchoma zinakupitia puani. Dada alinunua kutoka dirisha la kushoto wakati shemeji ananunua kutoka la kulia. Tulikula kuku mpaka Mukono. Kutoka hapo kuingia mjini ilikuwa jamu ya kutufanya tujisikie nyumbani, tofauti ni kwamba honi ni chache.

Jumapili: Kampala

Kwenye nyumba ya wageni kule Mengo, binti aliyetuletea chai alipiga magoti sakafuni ndipo akatusalimu. Mimi niliruka nikidhani ameanguka. Ndivyo Baganda wanavyomsalimu mgeni au mkubwa, hasa wanawake, na hafanyi hivyo kwa kujidhalilisha: alipiga magoti, akauliza habari za njiani, za nyumbani, za watoto, akainuka na kwenda zake kichwa juu. Shemeji alimgeukia dada na uso wa mtu aliyepata wazo. Dada akamwambia, "Usijaribu hata kufungua mdomo."

Asubuhi tulikula rolex, mayai ndani ya chapati, imekunjwa mbele ya macho yako. Tukapanda mnara wa msikiti mkuu pale Old Kampala, ule ambao Idi Amin aliuanzisha na Gaddafi akaumalizia. Ngazi ni zaidi ya 300. Juu unaona vilima vyote: cha Kasubi, cha Namirembe, cha Rubaga, na ziwa kwa mbali.

Kilichonikaa zaidi ni mazungumzo na mzee mlinzi wa getini kwetu. Nilimwamkia kwa Kiswahili. Akajibu kwa Kiingereza, kwa heshima, na nilipoendelea na Kiswahili akanyamaza kidogo. Baadaye, alipotuzoea, akaeleza. Ujana wake Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwenye vizuizi. Enzi za misako ya jeshi miaka ya 1980, Wakampala waliita misako hiyo "panda gari", kwa sababu hiyo ndiyo amri uliyopewa, na waliopanda wengine hawakurudi. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mzee alisema wajukuu zake watakisoma na ni jambo jema. Yeye ataendelea na Kiingereza.

Sisi Wakenya tunaingia Kampala tukiongea Kiswahili chetu cha Nairobi, kile cha kukata maneno, tukishangaa mbona hawatuchangamkii.

Jumatatu: Kampala – Kabale

Siku ndefu. Kayabwe kila mtu anasimama kupiga picha kwenye mstari wa ikweta, nasi tukasimama, ingawa Ijumaa tulikuwa tumeuvuka Maseno bila kutoa simu mfukoni. Lwera barabara inakatiza kinamasi, na samaki wamening'inizwa kando ya barabara wakikutazama. Karibu na Masaka kuna kijiji cha wavuvi kinaitwa Lambu, hatukuingia, nitakitaja tena.

Mbarara tuliona ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ambazo hujui wanalalaje nazo. Baadhi ya maziwa ya pakiti tunayonunua Nairobi yanatoka huku. Kabale tulifika giza limeingia na baridi ya Limuru, tukalala na soksi.

Jumanne: Kabale – Kigali

Mpaka wa Katuna, au Gatuna ukishavuka, ulifungwa Februari 2019 kwa sababu ya ugomvi wa serikali mbili, ukafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Mwenye duka la chai upande wa Uganda alituhesabia majirani waliofunga biashara miaka ile. Watu walikuwa na mashamba huku na dada zao kule, na kilima ni kimoja.

Ukivuka, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Saa inarudi nyuma saa moja, na barabara inahamia kulia. Saa tuliizoea. Kuhusu kulia, gari letu lina usukani upande wa kulia, na ukiendesha upande huo wa barabara dereva haoni kitu mbele ya lori. Basi dada, aliyekaa kushoto, ndiye aliyekuwa macho ya kuovateki. "Nenda. Hapana, ngoja. Ngoja! Sasa nenda." Nyuma nilifumba macho. Kwenye kila mzunguko sote watatu tulipiga kelele "kulia!" hadi koo zikakauka.

Hata hivyo barabara yenyewe ni nzuri kupita zote za safari hii. Vilima vimelimwa kwa matuta mpaka kileleni. Kamera za mwendo ni nyingi, na watu wanazitii: utakuta mstari wa magari yakienda 60 kwenye barabara tupu, hakuna anayepepesa taa. Shemeji alivumilia kama saa moja kisha akasema anahisi anaendeshwa na serikali.

Kigali jioni nilisimama kwenye kivuko nikisubiri gari lipite. Gari likasimama likisubiri nipite. Tukatazamana kwa muda.

Jumatano: Kigali

Pikipiki za abiria hubeba mtu mmoja tu, na abiria anapewa helmeti. Mjini hakuna takataka, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, miaka tisa kabla yetu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini tulipokisikia hasa ni kwa wafanyabiashara na madereva kule Nyabugogo. Haya yote msomaji amekwisha kuyasikia, na ni kweli. Ninachoweza kuongeza ni kwamba mji ukiwa kimya kiasi hicho, Mnairobi anaanza kusikia sauti yake mwenyewe. Tulikuwa meza yenye kelele kuliko zote kila tulipokaa, hata tuliponong'ona.

Mchana tulikwenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Zaidi ya watu 250,000 wamezikwa pale. Unatembea kwa utaratibu, unasoma, unaendelea. Chumba cha watoto ndicho kilichotusimamisha: picha kubwa ya mtoto, jina, umri, chakula alichopenda, rafiki yake alikuwa nani, na mwisho namna alivyouawa. Dada alitoka kabla ya kumaliza. Mimi nilimaliza na sasa natamani ningetoka naye.

Shemeji ni mtu wa Burnt Forest. Miaka yote niliyomjua hajawahi kuongea kuhusu Januari 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi wetu, nasi hatukuwahi kumuuliza. Usiku ule, tukiwa tumekaa ndani ya gari nje ya hoteli, akaongea. Kuhusu jirani waliyemficha, jirani waliyeshindwa kumficha, na moshi walioutazama kwa siku kadhaa. Kenya nzima waliuawa zaidi ya watu 1,100 katika zile wiki. Alisema pale Gisozi alikuwa akitafuta sehemu ya kusema "sisi hatukufika huku," na kila alipotaka kusema, sauti ikakataa. Sisi hatuna nyumba kama ile. Tuna tume, na ripoti yake.

Alhamisi: Kigali – Biharamulo

Kayonza, Kibungo, kisha barabara inashuka mpaka Rusumo. Mto Kagera unapita kwenye mwanya mwembamba wa mwamba chini ya daraja, maji ya kahawia, na pale pale kuna mitambo ya umeme ya megawati 80 inayogawanywa na Rwanda, Burundi na Tanzania. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi kama robo milioni kutoka Rwanda walivuka hapa ndani ya siku moja, kwa miguu.

Na si walio hai peke yao waliopita Rusumo. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani. Mwaka ule ulibeba miili, na wavuvi wa Uganda wakaitoa majini na kuizika kwenye vijiji vya pwani: Kasensero, Ggolo, na Lambu niliyoitaja. Nilikuwa mtoto Nairobi. Ninachokumbuka ni kwamba samaki waliacha kupikwa kwetu, na mama alipoulizwa alisema tu kwamba ziwa limechafuka. Nilijua habari hii kwa kusoma, lakini sikuwahi kuiunganisha na sufuria ya nyumbani mpaka niliposimama kwenye daraja lile.

Upande wa Tanzania afisa alitukaribisha, akatupa pole ya safari, akauliza tumelala wapi, huko tulikotoka hali ikoje, mvua zimenyesha? Paspoti zilikuwa mkononi mwake muda wote, hajazifungua. Shemeji alianza kucheza na funguo. Mhuri ulipogongwa tulikuwa tumeshakuwa karibu ndugu.

Tukarudi kushoto kwa barabara, na saa yetu moja ikachukuliwa. Baada ya Nyakanazi ni misitu na kimya. Madereva wa malori wanasimulia enzi za majambazi, magari yalipokuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Sasa hatari kubwa ni trafiki wa tochi. Kila kijiji kina kibao cha 50, na mahali fulani nyuma ya mwembe pana askari mwenye sare nyeupe na kile kidubwasha cha kupima mwendo. Shemeji aliendesha 48 nchi nzima.

Biharamulo tulipata gesti na mgahawa wa mama mmoja. Shemeji akaketi na kusema kama tunavyosema sote nyumbani, "Leta chai tatu."

Mgahawa ulipoa. Mzee wa meza ya pili akageuka taratibu, bila hasira. "Kijana, mmetoka Kenya?"

"Ndiyo mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa chai huombwa. Huyu mama si mtumwa wako."

Shemeji aliomba radhi, akaomba chai, ikaja na maandazi ambayo hatukuyalipia.

Ijumaa: Biharamulo – Mwanza

Bwanga, Katoro, Geita ya dhahabu. Katoro ilitushangaza, mji wa biashara unaochemka ambao hatukuwahi kuusikia, pikipiki kila upande na muziki kutoka kila duka. Kisha Busisi. Zamani ghuba hii ilivukwa kwa kivuko, na ukikuta foleni unakaa. Sasa kuna daraja la kilomita 3, lililopewa jina la John Pombe Magufuli na kufunguliwa Juni 2025. Tulilivuka kwa dakika chache, maji pande zote mbili. Mwuza karanga aliyekuwa akiuza kwenye foleni ya kivuko alituambia daraja ni zuri sana na limemuua kibiashara, akacheka, akatuuzia karanga.

Jumamosi: Mwanza

Kama ningeambiwa nichague mji mmoja wa safari hii wa kuhamia, ningehamia hapa. Mawe makubwa yamebebana juu ya vilima na nyumba zimejengwa katikati yake. Jiwe la Bismarck linasimama majini utadhani litaanguka leo. Jioni watu hukaa ufukweni bila kununua kitu na hakuna anayewafukuza.

Mwanza haijasahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikielekea hapa. Mamia walikufa, wengi wao wamezikwa Igoma. Dereva wa teksi alitaja siku hiyo bila kuulizwa, alipokuwa akituonyesha ziwa.

Sokoni Kirumba dagaa wameanikwa, sato wamepangwa, na kuna sangara mkubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Minofu yake husafirishwa Ulaya. Mabaki, kichwa na mifupa, hukaangwa: huku ni mapanki, kwetu mgongo wazi, na kote ni chakula cha asiyeweza kununua samaki mzima. Muuzaji mmoja, mama wa makamo, alitusikia lafudhi.

"Wakenya nyie. Vipi, magugu maji bado yanawasumbua huko kwenye kaupande kenu?"

Dada alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Shemeji akajibu kwa unyonge kwamba kaupande ketu hakajambo, na tukanunua sato watatu.

Jumapili: Mwanza – Kisii

Baada ya Lamadi barabara inapita mlangoni mwa Serengeti, Ndabaka, na pundamilia walikuwa wakila kando ya lami bila sisi kulipa kitu. Tukakata kona kwenda Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapa mwaka 1922 na akarudishwa kuzikwa mwaka 1999, nyumbani kwao Mwitongo, juu ya kilima chenye mawe. Kuna makumbusho madogo, kaburi, miti. Kijana aliyetutembeza alijibu kila swali, hata yale ya dada kuhusu ujamaa ambayo hayakuwa ya kirafiki.

Nairobi nimepita nje ya kaburi la Mzee Kenyatta pale Bungeni maisha yangu yote. Lina wanajeshi walinzi na geti, na sijawahi kuingia. La jirani nimelisogelea nikiwa na karanga mfukoni.

Tarime, Sirari, mhuri, Isebania. Shemeji, aliyeendesha 48 tangu Rusumo, alikuwa ameovateki malori mawili kwenye kona kabla hatujafika Migori. Dada akamuuliza vipi yule mstaarabu wa Biharamulo.

"Hapa ukikaa nyuma ya lori unaonekana mgonjwa," alijibu.

Jumatatu: Kisii – Nairobi

Ndizi tulinunua Kisii, nyama tulikula Narok. "Leta tatu na kachumbari," shemeji akamwambia mhudumu, naye akajibu "sawa boss" na kuzileta kabla hatujanawa. Mai Mahiu magari yalikuwa mistari mitatu kwenye barabara ya njia mbili, na tulikaa humo muda ambao ungetosha kutoka Mwanza kufika Butiama. Dada aliutumia kupiga hesabu nyuma ya risiti ya bima: petroli, gesti, bima, kuku wa Namawojjolo mara mbili kwa sababu ya madirisha mawili. Iliyotuumiza zaidi ni hoteli ya Kigali. Shemeji alisema gharama yote igawanywe kwa tatu. Dada akasema igawanywe kwa aliyeweka bahasha ndani ya gari.

Mpaka tunafika Kangemi walikuwa hawajakubaliana.